Hasira Ambazo Mwalimu Huja Nazo Darasani

Mwanachuo anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha hubeba mzigo usio mdogo. Ana azimio la kazi, ana maandalio ya masomo, ana zana alizozichora usiku juu ya maboksi yaliyokatwa, ana kitabu cha mahudhurio, ana chaki zake. Mkufunzi anayefika kumkagua huyatazama hayo yote na kuyapa alama. Hutazama kama lengo la somo limeandikwa kwa usahihi, kama ubao umegawanywa vizuri, kama sauti inafika nyuma ya darasa. Lakini liko jambo ambalo mwanachuo huyo huingia nalo darasani kila siku, wala halimo katika andalio la somo. Nalo ni moyo wake. Twasema moyo kwa maana ile waliyoikusudia wazee wetu, yaani mahali panapokaa hasira, aibu, woga, huzuni na kinyongo. Kwa maoni yetu, utawala wa darasa hutegemea zaidi jambo hili lisiloandikwa kuliko mengi ya hayo yaliyoandikwa, na mwalimu asiyeifahamu hasira yake mwenyewe aghalabu huwaadhibu watoto kwa kosa lisilo lao.

Tuchukue mfano wa somo la hisabati, darasa la tano, mada ya kugawanya sehemu kwa sehemu. Mwalimu amejifunza kwamba ile sehemu ya pili hugeuzwa juu chini, kisha huzidishwa. Ndivyo alivyofundishwa yeye, na jibu hutokea sawa. Anaandika ubaoni, anafanya mfano wa kwanza, anafanya wa pili. Hapo mtoto mmoja ananyoosha kidole na kuuliza: "Mwalimu, kwa nini tunaigeuza?" Swali ni zuri mno. Mkufunzi yeyote angefurahi kulisikia. Lakini mwalimu hajui jibu, wala hakupata kulijua, na wanafunzi sabini wanamtazama. Katika muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, jambo fulani linapita kifuani mwake. Uso unawaka, meno yanakazana, mkono unatafuta kitu cha kushika. Kisha sauti inatoka: "Kaa chini! Unajifanya mjuaji? Wenzako wameelewa, wewe tu!" Darasa linacheka. Mtoto anaketi. Pengine hatanyoosha kidole tena mpaka amalize darasa la saba.

Ukimwuliza mwalimu huyo jioni ni nini kilichotokea, atasema kwamba mtoto yule ana kiburi na kwamba alimrudi. Naye hasemi uongo, ndivyo anavyoamini. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kilichoanza kifuani hakikuwa hasira hata kidogo, bali aibu. Aibu ile ilikuwa chungu kuliko alivyoweza kuivumilia mbele ya watu, basi ikavaa vazi la hasira, kwa kuwa hasira humwonyesha mtu kuwa ana nguvu ilhali aibu humwonyesha kuwa mnyonge. Mabadiliko hayo ni ya haraka, na mwenyewe hayaoni. Kinachobaki mbele ya macho yake ni hasira tu. Na maadam hasira haikosi kutafuta mkosaji, mkosaji akapatikana katika dawati la tatu.

Twaomba ieleweke kwamba mwalimu huyu si mtu mbaya. Huenda ni mchapakazi, mwenye kuwahi shuleni kabla ya kengele. Upungufu wake wa hisabati ni jambo linalotibika: angeweza kusema, "Swali hilo ni zuri, kesho tutalitazama pamoja," akaenda kumwuliza mwenzake, na kesho yake akaja na nusu ya chungwa na kisu. Lakini ili aseme maneno hayo saba, hana budi kwanza kuivumilia ile aibu kwa nukta chache bila kuikimbia. Hilo halifundishwi kwa mhadhara. Ni zoezi la moyo, na mtu huliweza kwa kulifanya mara nyingi.

Yapo maumivu mengine yanayoingia darasani kwa mlango wa nyuma. Ofisa anapomfokea mwalimu mkuu mbele ya wageni siku ya Jumatatu, mwalimu mkuu hawezi kumjibu. Anarudi ofisini na kuwafokea walimu kwa habari ya maandalio. Mwalimu naye hawezi kumjibu mkuu wake. Anaingia darasa la nne na kuona kelele ambazo jana hakuziona. Kiranja aliyechapwa asubuhi hiyo anapewa zamu ya kusimamia foleni ya maji, na huko bombani anampiga kofi mtoto wa darasa la kwanza. Mtoto huyo akifika nyumbani, kuku hawana salama. Kila mmoja katika msururu huo ana sababu nzuri ya kueleza. Kila mmoja anaamini kwamba anasimamia nidhamu. Fedheha moja ya ofisini imeteremka ngazi tano, na yule aliyekuwa chini kabisa, asiyejua hata jina la huyo ofisa, ndiye aliyeilipia.

Huzuni nayo ina njia zake, na njia hizo hazipigi kelele. Mwalimu anafiwa, anapewa ruhusa ya siku chache, anazika, anarudi kazini. Katika miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, UKIMWI ulipowachukua walimu wengi, wale waliobaki waligawana vipindi vya marehemu na kuendelea. Ni nani aliyewauliza habari ya mioyo yao? Mwalimu wa namna hii hapigi. Huchelewa kutoka katika ofisi ya walimu. Akiingia darasani huwaambia watoto wanakili yaliyo ubaoni, kisha huketi akitazama dirishani. Wakaguzi huliandika jambo hili kwa neno moja: uvivu. Pengine ni uvivu kweli. Lakini pengine ni msiba usiomalizika, na kumkemea mtu kwa msiba wake hakuongezi hata ukurasa mmoja wa daftari la mtoto.

Sasa tuje kwenye usemi ambao kila mwanachuo ameusikia, na huenda ameusema: "Sisi tulichapwa, na tukawa watu." Usemi huu hutolewa kama ushahidi wa kufunga mjadala. Sisi tungependa uwe mlango wa kuufungua. Mwambie msemaji akusimulie siku moja tu aliyochapwa. Utaona kwamba anaikumbuka kwa ukamilifu wa kushangaza: jina la mwalimu, aina ya mti uliokatwa fimbo, nguo aliyoivaa, nani aliyecheka. Miaka thelathini imepita, na somo lililokuwa likifundishwa siku hiyo amelisahau kabisa. Mara nyingi atasimulia kwa kicheko. Msikilize vizuri, kwa kuwa chini ya kicheko hicho yumo mtoto aliyeambiwa "jikaze," naye akajikaza, na hajalegeza bado. Mtoto huyo sasa ameshika chaki. Anapomwona mwanafunzi akilia kabla hata hajaguswa, hukasirika kupita kiasi. Kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kulia, machozi ya mwenzake ni kama dai la deni ambalo yeye hakulipwa.

Yafaa tuseme wazi kwamba hatuandiki haya kwa ajili ya kuwabembeleza watu wazima. Mwezi wa Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu. Taifa zima liliijua habari hiyo. Hatudai kujua kilichokuwa ndani ya moyo wa mtu yeyote siku ile, na mahakama ndizo zenye kazi ya kuhukumu. Twasema tu kwamba adhabu ya shule haikuwekwa ifike huko. Tena inapofika huko, hakuna anayeweza kutuambia kwamba ilikuwa ni mbinu ya kufundishia.

Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa Tanzania mwaka 2002 ziliweka mipaka: viboko visizidi 4 kwa mara moja, viwe kwa makosa mazito, vitolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, tena kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Walimu wengi huyaona masharti hayo kuwa usumbufu wa makaratasi. Sisi twayaona kwa jicho jingine. Tazama yanavyofanya kazi. Mtoto amekosa, mwalimu amewaka, lakini kanuni yamtaka aende kwanza kwa mkuu wa shule, aeleze kosa, asubiri uamuzi, na jambo liandikwe kwa wino na kutiwa sahihi. Kati ya hasira na mkono pamewekwa safari ya hatua mia moja. Anayetembea hatua hizo mara nyingi hufika ofisini akiwa na jambo dogo kuliko alilotoka nalo. Mwalimu anayetembea darasani na fimbo kwapani ameiondoa safari hiyo, na pamoja nayo ameiondoa nafasi pekee ambayo sheria ilimpa ya kuujua moyo wake kabla ya kuutii.

Kuna nchi zilizokwenda mbele zaidi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda ikaweka marufuku hiyo katika sheria ya watoto mwaka 2016. Tunaunga mkono hatua hizo. Hata hivyo, tungemwonya mwanachuo asidhani kwamba fimbo ikiondoka, hasira nayo imeondoka. Hasira iliyonyimwa mkono hutafuta mdomo. Mtoto anayeitwa "mbumbumbu" kila siku mbele ya wenzake, anayeambiwa kwamba atakuwa hamali kama baba yake, au anayesomewa alama zake kwa sauti ya kejeli, hana alama mgongoni ya kumwonyesha mzazi. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kinachotakiwa kutazamwa ni chemchemi, hata kama mto umekwisha kuzibwa.

Je, jambo hili laweza kufundishwa? Kuna dalili kwamba laweza. Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2015. Nusu ya shule hizo ziliendesha mpango wa mwaka mmoja na nusu ambamo walimu, wanafunzi na uongozi walizungumza juu ya nguvu alizo nazo mtu mzima na jinsi anavyozitumia. Mwishoni, wanafunzi walioeleza kwamba wamepigwa au kuumizwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa kama 31 katika kila 100, ilhali katika shule nyingine walikaribia 49. Thelathini na moja bado ni wengi mno, nasi hatulifichi hilo. Lakini walimu ni wale wale, mishahara ni ile ile, madarasa ni yale yale. Nchini Tanzania nako, uchunguzi katika shule za sekondari uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba walimu wenye msongo mkubwa zaidi wa kazi ndio waliotumia adhabu kali zaidi. Mwanakijiji yeyote angeweza kukisia hivyo. Ila sasa hatuwezi kujifanya hatujaambiwa.

Kuna watakaosema kwamba mazungumzo haya ya hisia ni mambo ya wageni, yanayowafaa wenye madarasa ya watoto ishirini na viti vya mto. La hasha. Jamii zetu zilikuwa na utaratibu wa kuyatoa yaliyojificha, tena utaratibu thabiti. Mtani huja msibani na kusema kwa mzaha yale ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuyasema, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Matanga huwakusanya watu wakae chini na mwenye huzuni, bila kumhimiza apone upesi. Kwa watu wa pwani, neno somo lina maana ya kipindi cha darasani, lakini pia ni yule mtu mzima anayemfunda mwali na kupokea siri zake, ambaye mbele yake mwali haoni haya kuuliza. Lugha iliyoweka mambo hayo mawili katika neno moja haikukosea. Kisha tuna methali isemayo kwamba mficha uchi hazai. Kilicho kigeni hasa ni picha ya mwalimu aliyenyooka kama mlingoti, asiyechoka, asiyekosea, asiyeumizwa na neno. Picha hiyo ililetwa pamoja na shule zenyewe, katika zama ambazo mwalimu alitakiwa kuwa nusu askari. Wale waliyoileta walikwenda zao. Sisi tumebaki kuilinda.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi. Mwalimu mwenye watoto tisini katika chumba kimoja, anayeishi maili nyingi kutoka shuleni, anayesubiri malimbikizo ya haki zake, hana muda wa kuuchunguza moyo wake. Mpeni kwanza nyumba na madawati. Twakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Mengi yanayoitwa matatizo ya moyo ni matatizo ya paa linalovuja, na hatutaki mtu yeyote mwenye mamlaka aisome makala hii akaona kwamba semina ya hisia ni nafuu kuliko nyumba ya mwalimu. Lakini mtoto aliye mbele yetu leo hawezi kusubiri bajeti ya mwaka kesho. Tena tumeona katika shule zile zile, zenye paa lile lile, mwalimu mmoja ambaye darasa lake hunyamaza kwa hofu na mwingine ambaye darasa lake hunyamaza kwa kusikiliza. Mkaguzi apitaye dirishani hawezi kutofautisha kimya hiki na kile. Watoto wanajua.

Basi mwanachuo afanye nini? Hatuna dawa kubwa. Tungeshauri kwamba kila jioni ya mazoezi ya kufundisha, baada ya kuandika tathmini ya somo, aandike katika daftari lake mwenyewe, lisilokaguliwa na mtu, mistari mitatu au minne: ni wakati gani leo mwili wangu ulipata moto, ni nini kilichotangulia moto huo, ni nani aliyeulipia. Aandike mambo kama yalivyokuwa, bila kujihukumu na bila kujitetea. Baada ya wiki mbili atafungua kurasa za nyuma na kuona jambo la ajabu: majina ni yale yale mawili au matatu, na saa ni ile ile. Huenda ni kipindi cha mwisho, njaa imeshika. Huenda ni mtoto anayefanana kwa sura na ndugu ambaye hawaelewani. Huenda ni Kiingereza kila mara, kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichomtoa jasho yeye mwenyewe. Anayejua kwamba kipindi cha Kiingereza humtia woga ataingia darasani na woga, hilo haliepukiki. Lakini ataingia akiujua kwa jina lake, na woga unaojulikana haupati urahisi wa kujigeuza ukali.

Daftari peke yake halitoshi, kwa kuwa mtu hujidanganya kwa maandishi kama anavyojidanganya kwa maneno. Awe na mwenzake mmoja, wa shule hiyo hiyo ikiwezekana, wa kukaa naye nusu saa siku ya Ijumaa. Kazi ya huyo mwenzake ni kusikiliza. Asimpe mawaidha, wala asiyapeleke ofisini. Tunatia mkazo hapo kwa sababu ofisi za walimu zimewaua wengi kwa ulimi, na mtu akisalitiwa mara moja hafungui mdomo tena. Wala hatumshauri mwalimu awamwagie watoto yaliyo moyoni mwake. Mtoto wa miaka kumi hawezi kubeba ndoa ya mwalimu wake. Kwake yatosha kusikia, "Leo sijisikii vizuri, naomba tusaidiane," na pale mwalimu alipomwonea, kusikia neno "samahani" mbele ya wale wale waliocheka. Wanaodhani kwamba neno hilo hupunguza heshima ya mwalimu hawajapata kulijaribu. Na yule ambaye usingizi umemtoka wiki nyingi, au ambaye maisha yamekosa ladha kabisa, aende hospitali kama anavyokwenda kwa malaria.

Mzigo ulio mkubwa zaidi ni wa wale watakaokuwa walimu wakuu, nanyi wengi mtakuwa mapema kuliko mnavyotarajia, hasa mtakaopangiwa shule za mbali. Mwalimu mkuu anaweza kuukata ule msururu tuliouelezea, kwa kuwa fedheha hupitia kwake kabla ya kuwafikia wengine. Akitoka kufokewa, aketi peke yake kwa robo saa kabla ya kuitisha kikao. Kikao cha Jumatatu kilichoahirishwa mpaka Jumanne hakijapata kubomoa shule. Zaidi ya hayo, shule zetu zina mwalimu wa malezi na ushauri nasaha kwa ajili ya wanafunzi. Mwalimu mkuu ajiulize, katika shule yake, walimu wenyewe huenda kwa nani.

Nasi wakufunzi tuna la kufanya. Mwisho wa fomu ya kukagulia mazoezi ya kufundisha kuna nafasi ya maoni mengineyo, ambayo mara nyingi hurudi chuoni ikiwa tupu au ikiwa na maneno "ajitahidi zaidi." Tunapendekeza kwamba kuanzia mazoezi yajayo, mkufunzi akishamaliza kutoa alama, afunge fomu, akae na mwanachuo chini ya mti na kumwuliza swali moja: leo darasani uliumia wapi? Jibu lisiandikwe katika fomu, wala lisipewe alama.